Nyumba ya kupangisha Dar es Salaam: anza na mpangaji, kiwanja baadaye

Watu wengi wanaojenga nyumba ya kupangisha hapa mjini huanzia kiwanjani. Wamesikia kuna eneo linauzwa Chanika au Madale, bei haijapanda, dalali anapiga simu kila jioni, basi wananunua. Ramani wanaomba kwa rafiki, fundi anachimba msingi, na swali la nani atakaa mle ndani linakuja siku rangi inapokauka. Ndiyo maana unakuta jumba la vyumba vinne lenye sebule mbili na geti la nguvu limekaa miezi na miezi halina mtu, huku vyumba vya uani vya jirani vimepangwa kabla fundi hajamaliza plasta.

Hapa tutaenda kwa mpangilio mwingine: mpangaji kwanza, kisha hesabu, kisha eneo, karatasi, fedha, ujenzi, na mwisho usimamizi na kodi ya serikali. Nazungumza na mtu mwenye mshahara au biashara ya kawaida, anayetaka kuweka akiba yake kwenye nyumba Dar es Salaam au pembezoni mwake. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara.

Kwanza: mjue atakayekaa

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Uhitaji wa nyumba upo, hakuna anayebisha. Lakini wengi wanaotafuta ni wauza maduka wa Kariakoo, walimu, wauguzi, madereva, wanafunzi wa vyuo, vijana waliooana juzi. Hawa hawatafuti nyumba ya vyumba vinne. Wanatafuta chumba na sebule, choo ndani, kajiko, LUKU yao wenyewe, maji yasiyokatika, na kituo cha daladala au mwendokasi kinachofikika kwa miguu.

Kwa hiyo kabla ya kuulizia kiwanja, nenda mtaani ukiwa mpangaji. Chagua maeneo mawili au matatu unayoyamudu, uyatembee Jumamosi. Mwambie dalali unatafuta chumba na sebule, aende akuonyeshe. Utaona mengi: bei halisi ya mwezi, mwenye nyumba anataka miezi mitatu, sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na zaidi ya yote, chumba kimekaa wazi muda gani. Hilo la mwisho muulize pia mwenye duka la Mangi pale kona, maana yeye hana cha kukuuzia. Anajua nyumba ipi wapangaji hawakai na kwa nini: maji ya kisima yana chumvi, mwenye nyumba mkorofi, njia haipitiki mvua ikinyesha.

Andika. Aina ya chumba, kodi yake, umbali wa kituo, maji, na muda kilichokaa wazi. Ukishaona nyumba kumi na tano hivi kwenye eneo moja, utajua kitu gani kinagombewa na kitu gani kinabembelezwa. Unajenga kile kinachogombewa.

Kwa anayeanza na fedha yake mwenyewe, naamini chaguo la kwanza liwe nyumba ya vipande vinne: kila kipande chumba, sebule, jiko na choo ndani, vyote chini ya paa moja. Akihama mmoja bado watatu wanalipa. Vyumba vya kimoja kimoja vyenye choo cha nje vinaleta faida nzuri kwa shilingi uliyotumia, lakini vina ugomvi wa usafi na umeme usiokwisha, na anayevisimamia lazima awe karibu. Nyumba nzima ya familia, kwa upande mwingine, mpangaji wake hukaa miaka, ila akiondoka unakaa bila senti mpaka apatikane mwingine.

Zipo njia nyingine nazo nizitaje. Kununua fleti zilizojengwa na Shirika la Nyumba la Taifa au kampuni binafsi kunawezekana tangu Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya mwaka 2008, inayokupa hati ya sehemu yako tu. Hapo ulizia gharama za pamoja za kila mwezi, yaani ulinzi, lifti na pampu, kabla ya kuvutiwa na bei. Kupangisha kwa siku kwa wageni ni kazi ya kila siku kama hoteli ndogo. Usiifananishe na kodi ya pango. Na waliokuwa wanategemea kodi ya dola Masaki na Oysterbay wajue kwamba kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizoanza Machi 2025 zimekataza kutaja na kutoza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Hesabu zako ziweke kwenye shilingi.

Pili: piga hesabu kabla moyo haujapenda

Chukua mfano huu, kisha uweke namba za mtaa wako. Kiwanja kilichopimwa milioni 20. Ujenzi wa vipande vinne, pamoja na maji, umeme na ukuta wa kawaida, milioni 60. Uhamisho, kibali na wakili milioni 4. Jumla milioni 84. Kila kipande kinapangishwa 150,000 kwa mwezi, vinne ni 600,000, kwa mwaka milioni 7.2. Ukigawa kwa milioni 84 unapata asilimia 8.6, na hapa ndipo wengi wanapoacha kuhesabu.

Endelea. Kila kipande kitakaa wazi kama mwezi mmoja kwa mwaka: toa 600,000. Rangi, vitasa, mabomba, kunyonya choo: toa 600,000 nyingine. Pango la ardhi (ada ya serikali ya kila mwaka) na kodi ya majengo: tuseme 60,000. Kodi ya serikali kwenye pango, tuichukulie asilimia 10 ya milioni 6.6 ulizopokea: 660,000. Kinachobaki ni 5,280,000, yaani asilimia 6.3 ya fedha uliyoweka.

Sasa linganisha. Hatifungani za serikali, yaani fedha unayoikopesha serikali kwa riba, za miaka 20 na 25 katika miaka ya karibuni zimekuwa zikilipa riba ya kati ya asilimia 12 na 16 kwa mwaka, bila kunyonya choo cha mtu. Mwenye milioni 84 taslimu leo, anayetaka kipato cha kila mwezi tu, nyumba siyo jibu lake la kwanza. Nyumba inamfaa anayetegemea vitu viwili vingine: thamani ya ardhi kupanda kadiri mji unavyosogea, na kodi ya pango kupanda pamoja na bei za vitu, wakati riba ya hatifungani imefungwa palepale. Pia inamfaa anayejenga kwa hatua, maana tofali za mwezi huu na nondo za mwezi ujao ni akiba ambayo huwezi kuichomoa kwenda kuila.

Kipimo changu ni kimoja. Kama hesabu halisi, baada ya makato yote, haifiki asilimia 6, punguza ukubwa wa nyumba, badilisha aina, au tafuta eneo jingine. Jumba la familia ambalo lingekugharimu milioni 84 hizohizo na kupangishwa 400,000 kwa mwezi linaanzia asilimia 5.7 kabla hujakata chochote.

Tatu: eneo

Nenda ukaone kiwanja wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Kiwanja cha Agosti kinaweza kukudanganya. Cha Aprili kinajieleza chenyewe. Angalia kuta za nyumba za jirani kwa chini: mstari wa tope uliokauka, rangi iliyobanduka usawa mmoja kuzunguka nyumba nzima, au vizingiti vya milango vilivyoinuliwa kwa tofali mbili ni alama kwamba maji yanapita hapo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa watu bonde la Msimbazi hadi Mabwepande, na bado kuna wanaouziana viwanja kwenye mikondo ya maji kwa bei ya kuvutia.

Pima umbali na barabara kuu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya mita 60 kwa barabara kuu na za mkoa, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati, na zipo barabara zenye hifadhi pana zaidi ya hapo. Mwaka 2017 kando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kibaha, nyumba nyingi zilivunjwa kupisha upanuzi, na miongoni mwa wenyewe walikuwamo waliokaa miaka mingi. Alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa jirani siyo ya kuulizia kesho. Vilevile Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ufukweni na kingo za mito ziachwe wazi.

Kuhusu maeneo yanayopanda, fuata miundombinu iliyokwisha kuanza kazi, siyo inayosemwa na madalali. Mwendokasi ulipoanza Mei 2016, vyumba vya Kimara na Ubungo vilivyo karibu na vituo vikapata soko jipya. Daraja la Nyerere lililofunguliwa Aprili 2016 liliisogeza Kigamboni mjini. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024, Pugu ikawa kituo. Mwenye fedha kidogo atafute hatua ya pili kutoka miundombinu hiyo: bodaboda ya shilingi elfu moja kutoka kituoni, si nyumba inayotazamana na kituo.

Nne: karatasi

Hapa ndipo fedha za watu zinapoteketea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Unachonunua ni haki ya kuitumia, chini ya Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999. Haki hiyo inakuja kwa sura kadhaa, na bei ifuate sura. Ya juu ni hati miliki ya miaka 33, 66 au 99 kwenye kiwanja kilichopimwa. Tazama miaka iliyobaki: hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1995 inaishia 2028. Tazama pia masharti yake, kama ni makazi tu au makazi na biashara, na muda uliopewa wa kuendeleza, ambao mara nyingi ni miezi 36. Chini ya hapo ipo leseni ya makazi, inayotolewa kwenye maeneo yasiyopimwa kwa muda mfupi na kuhuishwa; ina nguvu yake, lakini siyo hati. Chini kabisa ni karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri serikali ya mtaa. Hiyo inathibitisha kwamba mlikubaliana. Haithibitishi kwamba aliyekuuzia alikuwa na haki ya kuuza.

Ukivuka mpaka kwenda Mkuranga, Kisarawe au Bagamoyo unaweza kuingia ardhi ya kijiji. Huko mwenye mamlaka ni Halmashauri ya Kijiji, na saini ya mtendaji peke yake haitoshi. Omba muhtasari wa kikao kilichoridhia.

Utaratibu wa kununua uwe huu. Omba nakala ya hati au ya barua ya toleo (ile ya kumilikishwa kiwanja) pamoja na kitambulisho cha NIDA cha muuzaji, uone majina yanafanana herufi kwa herufi. Kisha peleka namba ya kiwanja na kitalu kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa ufanye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi unaonyesha mmiliki aliyesajiliwa, kama kuna rehani ya benki, kama mtu ameweka zuio. Usifanye kwa kumtuma dalali. Lipia kwa namba ya malipo ya serikali na majibu uyapokee kwa mkono wako au wa wakili wako.

Baada ya hapo mchukue mpimaji aende kufufua mipaka. Mawe ya bikoni huhama, hung'olewa, hufukiwa. Na kuna watu walioonyeshwa kiwanja kizuri huku hati ikiwa ya kiwanja kilicho bondeni mita mia mbili mbele. Mpimaji atalinganisha ramani ya upimaji na ardhi unayoikanyaga. Siku hiyohiyo ongea na majirani wa pande zote nne, mmoja mmoja, muuzaji akiwa hayupo. Swali ni rahisi: "Hapa ni kwa nani, na kuna mtu mwingine amewahi kuja kuulizia?"

Mambo mawili yanarudi mara kwa mara kwenye Mabaraza ya Ardhi na Nyumba. La kwanza ni mwenza. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mke au mume, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamlinda hata kama jina lake halimo kwenye hati. Muuzaji akisema hana mke, aandike kiapo mbele ya wakili. La pili ni mirathi. Nyumba ya Magomeni au Ilala inayouzwa na watoto wa marehemu, hata wakikaa wote sita sebuleni wakakubaliana, haiuziki mpaka mahakama imemteua msimamizi wa mirathi. Omba barua ya uteuzi, nenda na namba ya shauri mahakamani uihakikishe, na warithi wote wasaini kuridhia.

Mkataba auandike wakili, si dalali. Malipo yapite benki, kwa awamu: sehemu wakati wa kusaini, sehemu kubwa uhamisho ukishakamilika. Muuzaji anayekataa awamu kabisa anakupa taarifa, ichukue. Uhamisho wenyewe unahitaji uthamini, ushuru wa stempu asilimia 1, ada za usajili, na kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida na ni mzigo wa muuzaji. Iandikwe kwenye mkataba nani analipa nini, na nani anamaliza malimbikizo ya pango la ardhi, kwa sababu deni la zamani litakuja kwa jina lako jipya.

Bei ikiwa nusu ya majirani na muuzaji ana haraka ya kusafiri, acha.

Tano: fedha ya kujengea

Mikopo ya nyumba imekuwapo kwa utaratibu mzuri zaidi tangu sheria ya rehani ya mwaka 2008, na kampuni ya TMRC iliyoanzishwa 2010 inazipatia benki fedha za muda mrefu. Riba lakini mara nyingi imekuwa kati ya asilimia 13 na 19. Milioni 40 kwa asilimia 16, miaka 10, ni marejesho ya takribani 670,000 kila mwezi. Vipande vyetu vinne vinaingiza 600,000 kabla ya makato. Kwa hiyo nyumba ya kupangisha iliyojengwa kwa mkopo wa benki hailipi mkopo wake. Mshahara wako ndio utakaolipa. Mkopo mdogo wa kumalizia, ili vipande vilivyobakia kidogo vianze kuingiza kodi, unaweza kuwa na maana. Mkopo wa kuanzia msingi haunishawishi.

Njia inayowafaa wengi ni kujenga kwa mikupuo, lakini kwa mpango. Chora ramani ya vipande vinne, omba kibali cha ujenzi halmashauri kwa ramani nzima, kisha malizia viwili vya kwanza kabisa: rangi, umeme, mpangaji. Kodi ya hivyo viwili ikanunue tofali za vingine. Anayepandisha vyote vinne hadi lenta kisha akakwama miaka mitatu amefungia fedha kwenye kuta zinazoota majani.

Kununua boma, yaani nyumba isiyomalizika, la mtu aliyekwama ni fursa ya kweli. Hakikisha karatasi kama kawaida, kisha uende na mhandisi au fundi asiyejuana na muuzaji. Nyufa zinazopanda kwa mshazari kutoka kona za madirisha zinaelekeza kwenye msingi. Nondo zilizoachwa wazi juu ya nguzo kwa miaka mingi, zikiwa na kutu inayobanduka kama magamba, zitakatwa. Paa lisilokuwepo kwa masika kadhaa limeacha maji ndani ya kuta.

Sita: ujenzi

Mpe fundi mkataba wa ufundi kwa hatua: msingi, kuta hadi lenta, kupaua, plasta, umaliziaji. Vifaa nunua mwenyewe. Jua hesabu ya msingi kabisa: mita moja ya mraba ya ukuta wa tofali za kawaida hutumia takribani tofali 10. Ukuta wa mita 10 kwa urefu na mita 3 kwenda juu ni tofali 300. Fundi akileta 450 muulize nyingine zinakwenda wapi.

Tofali lishike. Likwaruze kwa msumari. Likitoka unga kama chaki halina saruji. Liachie kutoka usawa wa kiuno likaanguke kwenye udongo. Linaloparanganyika vipande vingi lirudishwe kwenye lori. Mchanga wa pwani usiuingize kwenye zege hata ukipewa bure, chumvi yake inaila nondo kwa ndani na utaliona tatizo miaka kumi baadaye, lenta ikipasuka. Zege lililomwagwa limwagiliwe maji siku saba kwa uchache. Nguvu yake kamili huhesabiwa siku ya 28. Hapa mafundi wengi wanakimbia, kwa sababu wanalipwa kwa hatua. Mtafute kijana wa jirani umlipe kumwagilia asubuhi na jioni.

Kabla ya kumwaga jamvi (zege la sakafu), piga dawa ya mchwa na utandike nailoni nzito. Kwa bati, gage ndogo ndiyo nene: 28 ni imara kuliko 30.

Kwenye nyumba ya vipande, faida iko kwenye mpangilio wa mabomba. Weka vyoo na majiko ya vipande jirani yakiegemeana mgongo kwa mgongo, mabomba yapite ukuta mmoja na kwenda kwenye shimo moja kubwa lenye njia ya gari la kunyonya majitaka. Wapo waliojenga shimo nyuma ya nyumba, wakazungushia ukuta, na sasa gari halifiki. Kila kipande kiwe na LUKU yake. Maji weka mita ndogo ya ndani kwa kila mmoja, pamoja na simtanki la akiba juu ya mnara, kwani chumba chenye maji siku ya mgao hakikai wazi.

Mtanzania aliyeko Muscat, London au Houston anaweza kujenga, ila asitume fedha ya hatua mbili kwa pamoja, na msimamizi asiwe ndugu anayemdai shukrani. Mlipe mtu wa kazi hiyo, mwenye mkataba. Ndugu aende kuangalia tu. Na kiwanja kisajiliwe kwa jina lako tangu siku ya kwanza, si la kaka "kwa sasa".

Saba: kupangisha na kukaa na wapangaji

Mkataba uwe wa maandishi hata kama mpangaji ni mtoto wa shangazi. Uwe na nakala ya NIDA, simu ya mtu wake wa karibu, kiasi cha kodi, tarehe ya kulipa, muda wa taarifa ya kuhama, na orodha ya vitu mlivyokabidhiana: vitasa vingapi, taa, koki, vioo. Piga picha kila chumba siku anayoingia. Risiti toa kila mara.

Kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo inavutia, lakini miezi mitatu inakuletea wapangaji wengi wa kuchagua, na inakupa nafasi ya kujua mapema nani ana shida. Mpangaji mzuri anayelipa kwa wakati usimpandishie kwa kufuata uvumi wa mtaa. Ukipata 10,000 zaidi kwa mwezi na yeye akahama, mwezi mmoja wa chumba kitupu umemeza 150,000.

Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, na tangu 2023 nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi. Anayenunua umeme ni mpangaji, mwenye deni ni wewe. Andika kwenye mkataba kwamba utamrudishia au utaipunguza kwenye kodi ya pango, na kwa nyumba yenye mita kadhaa hakikisha makato yanakuwa kwenye mita moja tu. Ni fedha ndogo, lakini imeharibu uhusiano wa watu wengi.

Asiyelipa usimtolee vyombo nje wala kung'oa bati. Mpe taarifa ya maandishi, shirikisha serikali ya mtaa kwa usuluhishi, ikishindikana nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na mkataba wako. Ukimtoa kwa nguvu, wewe mwenye haki ya kudai ndiye utakayeshtakiwa.

Nane: serikali, kumbukumbu na siku ya kuuza

Pata TIN, yaani namba ya mlipakodi, na utangaze kipato cha pango. Mpangaji akiwa kampuni au taasisi atakata kodi ya zuio asilimia 10 na kukupa cheti chake, kitunze. Pango la ardhi lipa kila mwaka kwa namba ya malipo, uweke risiti pamoja na hati. Nyumba ikatie bima ya moto. Kwa nyumba yenye majiko manne ya gesi si anasa.

Risiti za ujenzi usitupe. Faida inayotozwa kodi siku ya kuuza ni bei ya kuuzia ukiondoa gharama ulizothibitisha, na saruji uliyonunua bila risiti mbele ya mthamini ni kama hukuinunua. Weka boksi moja lenye mkataba wa ununuzi, majibu ya upekuzi, kibali cha ujenzi, ramani, risiti na mikataba ya wapangaji. Piga picha kila karatasi uihifadhi mtandaoni, na mwenza wako ajue boksi liko wapi.

Kila mwaka Januari rudia hesabu ya sehemu ya pili, safari hii kwa thamani ya leo, si kwa fedha uliyotumia. Kama kiwanja na nyumba vilivyokugharimu milioni 84 sasa vinauzika milioni 160, na kodi halisi inayobaki ni milioni 6, nyumba inakupa chini ya asilimia 4 ya fedha iliyolala humo. Hapo unaweza kupandisha kodi kama soko linaruhusu, kuongeza vipande viwili kwenye eneo lililobaki, au kuuza kwa anayetaka kuishi karibu na mji na kwenda kuanza upya na viwanja viwili ambako barabara ndiyo inafika.